Shibiri ya Ukili

Katikati ya sebule yangu palikuwa na nguzo. Gogo zima, nene kama paja la mtu mzima, limesimama toka sakafuni mpaka kwenye paa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alilichimbia kabla sijaletwa kwake, na nyumba yote ikajengwa kulizunguka. Ukiingia na ndoo ya maji unapita kulia kwake. Ukitoka na sinia la chakula unapita kushoto. Wanangu walijifunza kusimama wakiwa wamelikumbatia. Mimi nilikuwa naegemeza mgongo hapo nikisuka ukili wa mikeka, miaka nenda miaka rudi, mpaka mahali pa mgongo wangu pakang'aa kama kipara.

Kisha mchwa wakaingia. Walipanda kwa ndani, kimya, wakala moyo wa mti na kuniachia ganda.

Mwanangu wa kiume anaishi Rasbura, mjini Lindi, anauza vipuri vya pikipiki. Siku moja alikuja Kilangala kunijulia hali, akaigonga ile nguzo kwa ufunguo wake. Ikalia kama ngoma. Akagonga juu kidogo. Ngoma tena.

“Mama,” akasema, “hii siyo nguzo tena. Hili ni bomba.”

Akatoka nje akazitazama kuta. Nyumba yangu ni ya miti na udongo, na kuta zilikuwa zimeanza kulala kwa nje, mbele na nyuma, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Alipoingia tena alikuwa ameshaamua. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka nihamie kwake. Chumba kipo, kina vigae, kina feni, choo humohumo ndani. Hii nyumba ibomolewe kabla haijaniua. Aliyasema yote kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Nilimwambia mimi siyo gunia la korosho, la kupakiwa huku na kushushwa kule. Mikorosho yangu iko hapa. Kaburi la baba yake liko hapa. Huko Rasbura nitasukia ukili wapi, chini ya feni, chane zote zipeperuke? Akacheka, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Sasa, binti yake, mjukuu wangu, alikuwa kwangu likizo. Yuko kidato cha tatu, shule ya ufundi. Mimi niliishia darasa la pili, na shule niliyoijua ilikuwa kukaa, kuimba hesabu, kuchapwa na kurudi nyumbani. Yeye alikuwa akinieleza kwamba huko kwao wanafundishwa useremala, ujenzi na kuchora nyumba, na mimi nilikuwa naitikia tu, kama mtu anavyoiitikia redio huku anapepeta mchele. Namwita mke mwenzangu, kama mabibi wote tunavyowatania wajukuu zetu wa kike, na yeye hunirudishia hivyohivyo, maana babu yake alikuwa mume wetu sote.

Alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Akasema bila kuinua kichwa:

“Baba, tukiing'oa nguzo tukaweka kenchi?”

“Kenchi gani?”

“Za mbao. Nitazichora mimi.”

Baba yake akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo. Halafu akakubali, kwa namna ile mtu mzima anavyomkubalia mtoto jambo analojua litamshinda. Mbao ataleta yeye. Walimu wakikubali wanafunzi wazitengeneze kama somo, vyema. Ikishindikana, bibi anahamia Rasbura bila maneno, na yeye binti ndiye atakayemfungia vyombo.

Mjukuu wangu akasema sawa, akaendelea na mihogo yake. Mimi sikuulizwa. Lakini nilisikia, na tangu dakika ile nyumba yangu ikawa mikononi mwa mtoto wa shule.

*

Siku ya wazazi nikaenda shuleni kwao, niione mikono hiyo inafanya nini. Nilivaa kanga mpya, nikajipaka mafuta mpaka magoti. Nilitegemea kuona madawati. Mwalimu wao wa ujenzi, kijana mwembamba mwenye penseli sikioni, akatupeleka nyuma ya madarasa, kwenye banda refu wanaloliita karakana.

Nilipofika mlangoni nikavua viatu.

Sijui kwa nini. Miguu ilifanya yenyewe. Harufu ya mbao ilikuwa imejaa mle kama udi, mwanga unashuka toka madirisha ya juu, unga wa mbao unaelea ndani yake, na watoto wameinama kila mmoja kwenye kazi yake. Mwili wangu ukadhani tumeingia mahali pa kuabudu. Mwalimu akaniomba taratibu nivivae tena, akasema, “Mama, humu kuna misumari.”

Wakapokezana shikamoo toka kila benchi, nami nikajibu marahaba mpaka koo likakauka. Nikawa namtafuta wangu. Wasichana walikuwa wachache, na wote wamevaa overoli kama wavulana, nikampita bila kumjua. Alikuwa ameuchomeka ushungi ndani ya kola, mikono miwili iko juu ya randa, anaisukuma juu ya ubao kwa mwili wote, toka nyayo. Randa ikalia shwaaa, na juu yake ukatoka ukanda wa mbao, mwembamba, mrefu, ukajikunja na kumwangukia miguuni. Nikauokota. Nikauinua kwenye mwanga, nikaona kidole changu upande wa pili. Mimi nimeshika chane za ukindu maisha yangu yote, na sijawahi kuchana jani likawa jembamba hivyo. Na huo ulikuwa mti.

“Hizo tunatupa, bibi,” akaniambia.

“Mnatupa?” Nikauweka kwenye pindo la kanga. Bado ninao.

Mvulana wa benchi la pili akaniambia nijihadhari na huyu mjukuu wangu, msumeno wake haazimishi, ukiugusa anakuangalia mpaka unaurudisha mwenyewe. Nikamwambia amerithi, mimi pia sufuria zangu siazimishi. Wakacheka. “Bibi noma,” mmoja akasema, na nilipouliza noma ni nini mwalimu akasema ni sifa njema.

Halafu mjukuu wangu akanipa vipande viwili vya mbao vilivyoungwa kwa pembe, akasema nivichomoe. Nikavuta. Nikavibana magotini nikavuta tena, kanga ikanilegea. Havikutoka. Nikauliza msumari uko wapi. Hakuna msumari, akasema, kimoja kina ulimi na kingine kina tundu, vimekatwa vikaelewana, basi. Nikawaambia ndivyo ndoa zilivyokuwa zamani, hakuna msumari na haichomoki. Mwalimu akakohoa akageukia dirishani. Wavulana walikufa kwa kicheko.

Lakini kilichoninyamazisha kilikuwa chumba cha pili, chumba cha kuchorea. Meza zimeinama, rula ndefu, hakuna kelele. Mjukuu wangu akanitandikia karatasi moja kubwa kama mto wa kulalia, akasema, “Ingia.”

Niliangalia mistari. Sikuona kitu. Akaniwekea kidole: hapa mlango wa mbele. Hapa baraza. Hapa chumba chako, kitanda hiki. Hapa uani, hapa jiko. Na ghafla, kama macho yanavyolizoea giza, nikaiona. Nyumba yangu! Alikuwa ameiondolea paa akaichungulia toka juu, kama Mwenyezi Mungu anavyotuona. Kwenye karatasi nyingine alikuwa ameikata katikati, toka paa mpaka msingi, kama unavyokata papai, na ndani yake vyumba vimekaa kama mbegu. Nikatembea kwa kidole toka mlangoni mpaka kitandani kwangu, na nilipofika sebuleni kidole kikagonga nukta nyeusi.

“Hii nini?”

“Nguzo ya mume wetu.”

Kidole changu kikazunguka kulia kwake. Sikukituma.

Ndipo akanitolea karatasi ya tatu. Nyumba ileile, sebule ileile, na nukta haipo. Juu yake amechora zile kenchi, pembetatu za mbao, moja nyuma ya nyingine. Akanieleza kwa viganja. Paa lina mabega mawili, akasema, na kila bega linasukuma ukuta wake kwa nje. Zamani nguzo iliyabeba kwa katikati. Sasa nguzo imeliwa, mabega yamelegea, ndiyo maana kuta zinalala. Akaisimamisha mikono yake miwili ikaegemeana kwa ncha za vidole, akaniambia nibonyeze juu. Nikabonyeza, viwiko vikakimbiliana mbali. Halafu akaniambia nimfunge kanga toka kiwiko hadi kiwiko, nibonyeze tena. Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Haikwenda popote.

“Hiyo kanga ndiyo ule ubao wa chini wa kenchi,” akasema. “Unayashika mabega yasiachane. Nguzo haina kazi tena.”

Nilikaa kwenye kigoda cha mtu. Mume wangu alijenga vizuri, kwa jicho na kwa mazoea, na ningesema hivyo mbele ya yeyote. Lakini huyu mtoto alikuwa ameuona uzito. Mimi kuona uzito sijawahi. Nauona mzigo tu.

*

Mwalimu alikubali darasa lake lizitengeneze kenchi kama kazi ya vitendo. Alitaka kwanza aje apime mwenyewe, lakini masika ilikuwa imeikata njia ya kwetu, hata pikipiki zilikuwa zinageuza. Mjukuu wangu alikuwa na vipimo vya chini, alivipima likizo, sakafu yote. Kilichokosekana kilikuwa juu. Hakuwa amefika juu.

Akanipigia kwa simu ya mwalimu. Akasema nichukue kamba, nifunge jiwe, niliteremshe toka juu ya ukuta kwa nje mpaka karibu na ardhi. Jiwe likitulia, nipime toka kwenye jiwe hadi kwenye mguu wa ukuta. Hapo atajua ukuta umelala kiasi gani.

Nikapanda juu ya kinu nilichokifudikiza. Jiwe likayumba, likayumba, likatulia, na lilipotulia lilikuwa mbali na ukuta. Nimeishi humo tangu ubibi harusi wangu, nimezaa humo, na sikujua kuta zangu zimeenda wapi mpaka jiwe la kuokota liliponionesha. Fundi jirani ana futi ya chuma, lakini namba zake macho yangu yanaziona kama sisimizi. Nikapima kwa mkono. Mbele shibiri moja. Nyuma nikapima vilevile, shibiri moja.

“Shibiri, bibi?” akauliza kwenye simu.

“Shibiri kamili, mke mwenzangu. Haizidi wala haipungui.”

Akashukuru, akakata. Nikafurahi na nafsi yangu siku nzima. Nimewasaidia watu wa shule.

*

Mvua zilipokwisha na njia kukauka wakaja. Kenta ikaingia uani kwangu na kenchi zimefungwa juu yake, mbao nyeupe, zinanuka kama ile karakana. Mwalimu, mjukuu wangu na wanafunzi wenzake, na mwanangu toka Rasbura kwa pikipiki. Majirani wakaja na viti vyao. Nilipika wali wa nazi na samaki, nikawaambia wale washibe maana sitaki mtu wa kizunguzungu juu ya paa langu.

Waliezua bati kuukuu asubuhi, wakashusha miti ya zamani. Nyumba yangu ikabaki wazi, kitanda changu kinatazama mbingu kama mtu aliyekutwa bafuni. Nguzo ilisimama peke yake katikati, imebanwa na sakafu tu, haijashika chochote. Mjukuu wangu akaikaribia, akaniangalia.

“Mke mwenzangu, ruhusa?”

Nikasema bismillahi. Akaisukuma kwa kiganja kimoja. Haikukatwa, haikuchimbuliwa. Ikalala chini kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa apumzike, na mguuni kwake hapakuwa na mti, palikuwa na vumbi. Kwa hiyo miaka yote ile ya mwisho haikuwa imetushikilia. Ilikuwa imening'inia kwenye paa, paa ndilo limeibeba. Nilikaa chini palepale.

Basi wakainua kenchi ya kwanza. Chini ya kila ncha alikuwa amekata pengo la kukalia juu ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta, unaoitwa hivyo kwa sababu ndiyo barabara yao. Ncha ya nyuma ikakaa, ko. Ncha ya mbele ikapita. Pengo lilikuwa nje ya ukuta, linaning'inia hewani, upana wa kiganja. Wakaisogeza. Ikakaa ya mbele, ikapita ya nyuma. Wakaishusha wakapandisha ya pili. Hivyohivyo.

Nyumba haina paa, haina nguzo, na kenchi haikai. Mwanangu akaja akachuchumaa kando yangu.

“Mama,” akasema kwa ule upole wake, “twende tukafunge vyombo.”

Binti yake alisikia. Alikuwa amesimama juu ya ukuta, mkono mmoja kwenye kenchi. Kisha akateremka, akaja moja kwa moja, akapiga magoti mbele yangu.

“Bibi, nioneshe ile shibiri.”

Nikaitoa. Kidole gumba na kidole cha shahada, nimevitanua mpaka mwisho.

Akaitazama. Akatandaza yake kando ya yangu, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Yake ikanizidi kwa vidole viwili vitatu.

“Bibi, na hivi vidole vingine?”

“Vimeshika ukili.”

Ndivyo tunavyopima sisi wasukaji. Ukili hauachiwi, ukiuachia unafumuka. Vidole vitatu vinashika, viwili vinapima, na hiyo ndiyo shibiri, ndivyo mama yangu alivyonifundisha na ndivyo mikeka yote ya kwetu ilivyopimwa. Ukutani sikuwa na ukili, lakini mkono haukujua. Ulikunja vidole vyake kama kawaida. Mimi nilisema shibiri, yeye akasikia shibiri, na kila mmoja alikuwa na yake.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui yalikuwa ya kicheko tu. Akamwambia mwalimu: mbele vidole, nyuma vidole, ukijumlisha ni kiganja. Mwalimu akaitoa penseli sikioni.

“Kipimo tulikipokea sote,” akasema. “Dawa yake unaijua?”

“Naijua.”

Yule mvulana wa benchi la pili akasema dawa ni rahisi, wakate pengo lingine ndani kidogo, wapandishe, wakale wali. Hata mimi niliona ni sawa. Mjukuu wangu akakataa. Akasema pengo likiingia ndani, uzito utakaa pasipokuwa na kiungo. “Haitavunjika leo. Itavunjika siku bibi amelala.” Alisema bila kupandisha sauti, na yule mvulana akaenda kuchukua nyundo ya kung'olea misumari.

Nilichokiona baada ya hapo nakieleza kwa watu hadi leo. Alifagia uwanja wangu kwa ufagio wangu wa chelewa. Akachomeka vigingi, akavuta uzi toka kigingi hadi kigingi, akaupaka unga wa chokaa, akaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi ukapiga ardhi, ukaacha mstari mweupe, ulionyooka kama saumu ya kweli. Mwingine. Mwingine. Paa langu zima likalala uwanjani, kwa ukubwa wake wenyewe, na kuku wangu wanapita juu yake bila adabu. Wenzake wakafumua kenchi zile, wakaleta kila ubao wakaulaza juu ya mstari wake. Ule wa chini ulipunguzwa. Yale mabega mawili hakuyafupisha, aliyakata upya pembe tu. Akanieleza akiwa ameuma penseli kwamba upana wa chini ukipungua na mabega yakabaki na urefu wake, kichwa kinapanda juu. Paa litasimama zaidi ya alivyochora. Maji yatateremka haraka.

Nikamuuliza ameyajuaje haya yote sasa hivi, hapa kwenye vumbi. Akasema siyo sasa hivi. Pembetatu haina ubishi, ukiijua pande zake inakwambia mengine yenyewe.

Mimi nilimwona huyu siku anazaliwa. Nilimkata kucha kwa meno yangu. Nikawa namtazama ameinama juu ya ile mistari, msumeno unakwenda na kurudi, watu wazima wanangoja neno lake, na nikaona haya kidogo, ile haya ya kuwa mbele ya mtu mkubwa.

Mwanangu alikuwa amesimama na funguo mkononi. Binti yake akamwita bila kugeuka: “Baba, shika huku.” Akaziweka funguo mfukoni, akashika.

Alasiri wakainua ya kwanza tena. Nilifumba macho. Nikasikia ko. Nikangoja. Nikasikia ko ya pili.

*

Kesho yake walimaliza kupaua, wakapigilia bati. Majirani walisema nyumba yangu imenyoosha shingo. Kweli, imesimama kama ilivyokuwa enzi za makuti, kabla ya bati, mume wetu alipokuwa hai na paa lake lilikuwa refu hivyohivyo. Mjukuu wangu hakuliona paa lile. Hakuwa amezaliwa, wala baba yake hakuwa na meno.

Gogo la nguzo sikukubali liwe kuni. Sehemu ya juu ilikuwa bado nzima, wakanilazia chini ya ukuta wa uani, sasa nakaa juu yake nikisuka. Ukutani kwangu mjukuu aliniachia kijiti amekikata na msasa amekipiga, laini kama pipi. Akasema hiyo ndiyo shibiri ya shule, nikitaka kuzungumza na mafundi nipimie hiyo. Na yeye, kabla hajapanda kenta, alinishika mkono akaupima kwa rula, kidole gumba na cha shahada, akasema hiyo anaibeba na yeye.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na upepo. Mwanangu akaja siku ya pili yake, sijamwita. Alisema alikuwa anapita. Kilangala hakuna mtu anayepita tu. Alizunguka nje akazitazama kuta, akachukua jiwe na kamba yangu akapima, nami nikamwacha apime. Jiwe lilitulia palepale lilipotulia masika. Kuta hazijaenda tena.

Akaingia ndani na ndoo ya maji niliyomwomba anisogezee. Sebule ilikuwa wazi, pana, sakafu kavu, juu kenchi zimeshikana mabega. Mwanangu alipofika katikati akapita kulia. Akaizunguka nguzo isiyokuwapo, na ndoo yake, kwa uangalifu, kama alivyofanya tangu akiwa mtoto. Alipofika upande wa pili akasimama. Akageuka akatazama pale patupu.

“Na mimi bado nazunguka,” nikamwambia.

Aliweka ndoo chini. Akainua macho akazitazama kenchi muda mrefu, moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama mtu anayesoma. Kisha akasema kile chumba cha Rasbura atampangisha mwalimu mmoja anayetafuta, maana chumba kikikaa bure kinaharibika.

Nikamwambia ni vizuri, apangishe. Nikamtandikia mkeka palepale katikati, akalala hapo mchana kutwa, miguu kote, mvua inapiga bati.